Motokaa Inapokataa Kuwaka

Jioni hii twataka kusema nanyi habari za motokaa isiyotaka kuwaka. Huenda mmoja wenu akasema, "Mimi sina motokaa, hayo yanihusu nini?" Walakini mgonjwa wa kijiji huchukuliwa kwa motokaa, na mahindi ya kijiji hupelekwa sokoni kwa lori, na siku chombo kile kinapokataa, mwenye taabu si dereva peke yake. Tena twajua ya kuwa wengi wenu mmekwisha kuitwa kusukuma. Afadhali mtu ajue kwa nini anasukuma, na ni wakati gani kusukuma ni kazi bure.

Tutaanza na jambo lililotupata sisi wenyewe. Tulikuwa tukikaa katika nyanda za juu karibu na Njombe, mahali palipo juu ya bahari kiasi cha mita 2,000, na mwezi wa Julai baridi ya huko huwa kali sana, na ukungu hulala juu ya nyumba mpaka jua lipande. Kijiji kilikuwa na Land Rover moja ya petroli, ya zamani, nasi watu wawili ndio tuliopewa dhamana ya kuiendesha na kuitunza. Siku moja, yapata saa kumi na moja alfajiri, mkunga alikuja kutugongea mlango. Alisema mama mmoja ameshikwa na uchungu tangu jana adhuhuri, mtoto haji, na damu inatoka. Hospitali ilikuwa mwendo wa zaidi ya kilomita 40, na njia yenyewe mbaya.

Tulikimbia, tukavuta choki, tukapiga stata. Mashine ilizunguka vizuri, lakini haikushika. Tukapiga tena, na tena, huku tukikanyaga mafuta kwa miguu yote. Harufu ya petroli ikajaa mahali pale. Hatukupumzika mpaka sauti ya stata ikalegea, ikawa kama pumzi za mzee apandaye mlima, kisha ikanyamaza kabisa. Ndipo tukaita watu wasukume. Wakasukuma kwa bidii mpaka mteremko ukaisha, na Land Rover ikasimama bondeni, mbali zaidi na mgonjwa kuliko tulipoanza.

Hayo tuliyoyafanya ndiyo wayafanyayo watu wengi. Tulifanya kazi nyingi, wala hatukuuliza hata swali moja. Daktari akiletewa mtu mwenye homa hampi dawa zote zilizomo kabatini, bali humtazama kwanza, humshika mkono, humwuliza. Na motokaa nayo ina namna yake ya kujibu, ikiwa mtu ajua kuiuliza.

Basi tuangalie kwanza mashine yataka nini. Ndani ya kila silinda mna pistoni ipandayo na kushuka. Ikishuka mara ya kwanza huvuta hewa iliyochanganyika na petroli, ikipanda huikandamiza, hapo plagi hutoa cheche, mchanganyiko huwaka na kuisukuma pistoni chini kwa nguvu, kisha pistoni hupanda tena na kuutoa moshi nje. Mashine ya namna hii ilitengenezwa na Nikolaus Otto wa Ujerumani mwaka 1876, na mpaka leo motokaa za petroli zafuata mwendo ule ule. Petroli yenyewe ikiwa maji maji haiwaki vema. Sharti iwe mvuke, tena ichanganyike na hewa kwa kadiri yake, yaani hewa ipatayo kilo 15 kwa kila kilo moja ya petroli. Wakati wa baridi petroli haigeuki mvuke upesi, ndiyo sababu twavuta choki. Choki hupunguza njia ya hewa ili petroli izidi.

Kwa hiyo mambo ya kuuliza si mengi. Je, mashine yazunguka kwa nguvu? Je, cheche iko, na inakuja kwa wakati wake? Je, petroli inafika, wala si kidogo mno wala si nyingi mno? Na je, pistoni zakandamiza? Kila motokaa iliyokataa kuwaka imekosa moja katika hayo. Fundi mwema ni yule asiyeshika spana kabla ya kujua ni lipi.

Tuanze na kuzunguka, maana hilo lajulikana kwa masikio. Ukipiga stata ukasikia sauti moja tu, "tak", kisha kimya, au sauti nyingi za haraka kama jino ligonganalo kwa baridi, basi usiisumbue petroli wala plagi, umeme hautoshi. Washa taa kubwa, umwambie mtu asimame mbele, kisha upige stata. Taa zikififia hata karibu kuzimika, ama betri imechoka, ama umeme unazuiliwa njiani. Taa zikibaki na mwanga wake mwema na stata haisogei, ubaya uko katika stata yenyewe, au katika waya na swichi yake.

Watu hukimbilia kusema betri imekufa. Mara nyingi betri ni nzima. Tazama vichwa vyake, pale panapofungwa waya mbili nene: pakiota unga mweupe au wa kijani, umeme haupiti ingawa waya waonekana kushika. Legeza, kwangua mpaka risasi ing'ae, funga kwa nguvu, kisha upake grisi kidogo juu yake. Tumepata kuona lori lililovutwa kwa kamba umbali wa mchana kutwa kwa ajili ya unga huo, na dawa yake ilikuwa kisu na dakika kumi. Usisahau upande wa pili wa waya ule uendao kwenye bodi. Na huko nako hushika kutu, na kwa kuwa hapaonekani, hapatazamwi.

Betri nzima ya volti 12 ikipumzika huonyesha volti 12.6 au zaidi kidogo. Baridi huipunguzia nguvu, na baridi hiyo hiyo huyafanya mafuta ya mashine kuwa mazito, kwa hiyo siku nguvu zinapopungua ndiyo siku kazi inapozidi. Tena kuna jambo ambalo madereva wengi hawalijui: betri ikichoka, huweza kuizungusha mashine polepole, lakini stata hula umeme wote, ukabaki kidogo mno wa kutoa cheche. Mtu huona mashine inazunguka, hudhani yote ni sawa, akaendelea kupiga. Kwa hiyo usipige stata zaidi ya sekunde kumi kwa mara moja. Ngojea nusu dakika, ndipo upige tena. Wala usichungulie betri kwa kiberiti, maana hutoa hewa iwezayo kulipuka ikakumwagia asidi usoni.

Sasa tuseme mashine yazunguka kwa nguvu, lakini haishiki. Hapo njia ni mbili, cheche au petroli, na pua yako ndiyo ya kwanza kuulizwa. Baada ya kupiga stata mara tatu nne, nenda nyuma unuse penye ekzosi. Kama harufu ya petroli iko, petroli inafika, tafuta cheche. Kama hakuna harufu kabisa, tafuta petroli. Pua yaweza kukosea, walakini haina gharama.

Na hapa twapenda kuwasimulia habari ya mama mmoja, maana yafaa ijulikane na wasichana wa shule wanaotusikiliza. Mwezi wa Agosti mwaka 1888, Bertha Benz, mkewe Karl Benz aliyeunda motokaa huko Ujerumani, alikitwaa chombo cha mumewe bila ya kumwambia, akawachukua wanawe wawili, Eugen na Richard, wakasafiri kutoka Mannheim mpaka Pforzheim, mwendo upatao kilomita 100. Hapakuwa na fundi wala duka la petroli. Mafuta aliyanunua katika duka la dawa katika mji wa Wiesloch. Njiani bomba la mafuta liliziba, akalizibua kwa pini ya kofia yake. Kisha waya wa cheche ukapata ubaya, akaufunika kwa ukanda wa soksi yake. Mnaona? Ubaya wa kwanza ulikuwa wa mafuta, na wa pili ulikuwa wa cheche. Zaidi ya miaka 130 imepita, na ndio hao hao wawili tunaowatafuta sisi.

Kutazama cheche si kazi ngumu katika motokaa za zamani, zile zenye kabureta na platini, kama Land Rover yetu, au Peugeot 404, ile iliyoshinda mashindano ya Safari ya Afrika Mashariki mwaka 1963. Fungua plagi moja, uirudishe katika waya wake, ulaze chuma chake juu ya chuma cha mashine, mbali na lile tundu ulimoitoa, maana tundu lile hutema mvuke wa petroli. Shika waya kwa tambara kavu au kwa vijiti viwili vikavu, wala si kwa vidole, kwa maana umeme ule hupita volti 10,000. Mwenzako apige stata. Cheche nzuri ni ya samawati, nene, nayo hulia. Cheche nyembamba, nyekundu au ya manjano, ni dhaifu. Yaweza kuonekana hapo nje, lakini ndani ya silinda, penye hewa iliyokandamizwa, haiwezi kuruka. Nasi twaonya: motokaa za siku hizi, zisizo na platini, umeme wake ni mkali zaidi, na kuzijaribu namna hii kwaweza kumdhuru mtu na kuharibu vyombo vya thamani. Hizo ziacheni.

Cheche ikikosekana, usianze kwa kununua koili. Anza na maji. Umande, ukungu, mvua iliyoingia chini ya boneti, au mto uliovukwa jana, huacha unyevu juu ya waya na ndani ya kifuniko cha distributa, na umeme, badala ya kwenda kwenye plagi, hukimbilia chuma kilicho karibu. Ukitaka kuliona jambo hili kwa macho, ngoja giza, fungua boneti, na mtu apige stata: utaona vimulimuli vya samawati vikitambaa juu ya waya. Fungua kifuniko, ukifute ndani na nje kwa tambara kavu, ufute na waya zote na kichwa cha koili. Kisha kikague kifuniko kwa uangalifu. Ukiona mstari mwembamba mweusi kama uliochorwa kwa penseli, kutoka tundu moja mpaka jingine au mpaka ukingoni, hiyo ni njia ambayo umeme umejichimbia, nao hautaiacha. Ukwangue kwa ncha ya kisu upate kufika nyumbani, kisha utafute kifuniko kipya.

Baada ya maji, platini. Hizo ni ncha mbili ndogo zifunguazo na kufumba mara nyingi sana kwa dakika. Zikiungua huwa nyeusi zenye vishimo, na mguu wake wa plastiki ukilika, ncha hazifunguki tena. Nafasi yake katika motokaa nyingi za namna ile ni kama milimita 0.4. Asiye na kipimo aweza kukata kadi ya ganda la sigara akaitumia kwa siku moja. Si kipimo cha kuaminiwa, lakini kitakutoa porini. Safisha kwa msasa laini, kisha upitishe karatasi safi katikati ya ncha ili kutoa vumbi la msasa. Zikiungua tena baada ya siku chache, mkosaji ni kondensa.

Plagi nazo zina maneno yake. Plagi yenye rangi ya kahawia isiyokoza ni ya mashine iliyo na afya. Nyeusi yenye masizi makavu yaonyesha petroli imezidi, au choki imeachwa imevutwa. Yenye mafuta mazito ya mashine yatuambia ringi za pistoni zimechoka. Ikitoka imelowa petroli baada ya kupiga stata, maana yake petroli ilifika ila haikuwashwa. Na ikitoka kavu kabisa, petroli haikufika. Kwa sababu hiyo sisi hupenda kufungua plagi mapema kuliko mafundi wengine, maana kwa kazi moja twapata majibu mawili.

Twende kwenye petroli. Msicheke tukisema tazameni kwanza kama imo. Kipimo cha petroli katika motokaa kuukuu husema uongo, na kijiti kisafi kilichotiwa ndani ya tanki husema kweli. Ikiwa petroli imo, legeza bomba liingialo katika kabureta, ulielekeze katika kopo, ung'oe waya mnene wa koili ili pasiwe na cheche, na upige stata. Petroli yapaswa kuruka kwa nguvu. Pampu nyingine zina mkono mdogo wa kupampu kwa kidole, na hizo hazihitaji stata. Isiporuka, rudi nyuma hatua kwa hatua: pampu, chujio, bomba, tanki. Fungua na kifuniko cha tanki. Ukisikia "fsss" ya hewa inayoingia, tundu lake la kupumulia limezibwa na vumbi, na tanki lilikuwa likiizuia petroli isitoke, kama vile mtu azibavyo kwa kidole ncha ya juu ya mrija. Motokaa yenye ubaya huu huenda kilomita kadhaa, huzimika, hungojewa, kisha huwaka yenyewe, na watu husema ina pepo.

Ikiruka, itie kidogo katika chupa nyeupe uitazame. Maji ni mazito kuliko petroli, hukaa chini kama shanga. Tanki linaloachwa nusu tupu usiku wa baridi hukusanya maji hayo kutoka katika hewa yenyewe. Tena, petroli iuzwayo katika chupa kando ya njia mara nyingine huchanganywa na mafuta ya taa. Tia tone mgongoni mwa mkono: petroli safi huacha baridi na kukauka upesi, yenye mafuta ya taa huacha utelezi na harufu isiyoondoka. Mashine ikiwa ya moto hukubali kwenda na petroli ya namna hiyo, ingawa kwa kugonga na kutoa moshi, lakini asubuhi ya baridi hukataa. Dereva husema jana jioni ilikuwa nzima, naye asema kweli.

Na petroli kuzidi ni ubaya kama kupungua. Mtu akivuta choki na kukanyaga mafuta mara nyingi, petroli hulowesha plagi, na plagi iliyolowa haitoi cheche. Dawa yake ni kurudisha choki ndani, kukanyaga mafuta mpaka chini kabisa na kuushikilia mguu pale pale bila kupampu, kisha kupiga stata kwa sekunde chache. Kwa njia hiyo hewa nyingi huingia na kuzikausha silinda. Wakaao nyanda za juu waangalie zaidi, kwa maana hewa yao ni nyepesi. Mahali penye mita 2,000 uzito wa hewa umepungua karibu moja katika tano, na kabureta iliyopimwa pwani huko huwa yatoa petroli kupita kiasi hata kabla ya choki.

Joto nalo lina vituko vyake. Motokaa imepanda mlima Kitonga, kwenye barabara ya Morogoro na Iringa, saa nane mchana, ikiwa na mzigo. Imefika juu, dereva ameizima ili anywe chai. Akirudi haiwaki. Petroli imechemka ndani ya bomba ikawa mvuke, na pampu haiwezi kuvuta mvuke. Afunge tambara lililolowa maji ya baridi juu ya pampu na bomba, afungue boneti, angoje robo saa, wala asivute choki.

Sasa twataka kusema neno moja kwa ukali, nanyi mtuwie radhi. Tumewaona vijana wakiweka mpira katika tanki na kuvuta petroli kwa kinywa. Petroli ikimezwa huumiza, lakini iliyo mbaya zaidi ni ile inayoteleza kuingia mapafuni, hata ikiwa kidogo sana. Huyaunguza mapafu, na mtu huweza kufa siku chache baadaye. Aliyeimeza msimtapishe, maana akitapika hupita tena karibu na mapafu, mpelekeni hospitali. Kadhalika tumewaona wakimwaga petroli ndani ya kabureta kwa kopo huku mwenziwe anapiga stata. Mashine ikirudisha moto kinyumenyume, kopo huwaka mkononi, na mwenye kopo hutupa kopo, na kopo hutua mahali popote.

Kuhusu kukandamiza hatutasema mengi. Silinda zikilika au valvu zikiungua, mashine haiwaki kwa baridi, na ikizungushwa kwa hendeli huzunguka kirahisi bila kupinga. Hiyo si kazi ya kando ya njia. Za dizeli nazo hazina cheche. Huwasha kwa joto la hewa iliyokandamizwa, kwa hiyo zikikataa tazama kama hewa imeingia katika bomba la mafuta, na katika baridi tazama zile plagi zake za kupasha moto. Na motokaa mpya, zenye kompyuta ndogo ndani, zina cheche na petroli vile vile: fungua ufunguo bila kupiga stata, usikilize nyuma penye tanki, pampu yake ya umeme hunguruma sekunde mbili. Isiponguruma, tazama fyuzi kabla ya kumwita mtu.

Turudi bondeni. Watu walikuwa wameketi kwa kuchoka, na mkunga alikuwa ametuma mtoto mara mbili kuuliza. Akaja mzee mmoja aliyekuwa dereva wa malori zamani, amejitanda blanketi. Tulimwamkia, akaitikia, kisha akauliza, "Mmenusa?" Hatukuelewa. Akainama nyuma ya Land Rover, akasema petroli iko. Akafungua plagi moja. Ilikuwa imelowa chapachapa. Akaitisha taa, akafungua kifuniko cha distributa, akatuonyesha: ndani mlikuwa na matone ya umande kama uso wa mtu mwenye jasho.

Tukasema, "Baba, hata betri imekwisha." Akasema imechoka, haijaisha; ikiachwa ipumzike bila stata itakuwa na umeme wa kutosha kwa koili, ambayo hutaka kidogo tu. Akatuma tambara likaangwe kwenye kikaango jikoni, likaletwa likiwa na joto, akafuta kifuniko, waya na koili. Plagi zote nne akazifungua, akazifuta zikakauka, ndipo akazipeleka mwenyewe kuzilaza juu ya majivu ya moto katika nyumba iliyo jirani. Wakati zikipata joto alituzungushia mashine kwa hendeli bila plagi, ili petroli iliyozidi itoke. Kisha akatufundisha kushika hendeli: kidole gumba kikae upande mmoja na vidole vingine, wala kisizunguke mpini, na mtu avute kwenda juu, asisukume kwenda chini, kwa kuwa mashine ikirudi nyuma humvunja mkono aliyeishika vibaya. Plagi zikarudishwa zikiwa na joto. Mvuto wa kwanza, kimya. Wa pili, ikakohoa. Wa tatu, ikawaka.

Ilikuwa saa moja na nusu. Tulikuwa tumeichelewesha safari saa mbili na nusu, na kazi ya yule mzee, tangu kunusa mpaka kuwasha, haikupita dakika 40. Tulimpakia mama pamoja na mkunga na shangazi yake, tukafika hospitali kabla ya saa nne. Mama alipona. Mtoto hakuishi. Daktari hakutuambia kwamba ilikuwa kwa sababu ya kuchelewa, wala sisi hatukumwuliza.

Tangu siku ile Land Rover ililala na gunia kavu juu ya mashine, chini ya boneti, nalo liliondolewa kila asubuhi kabla ya kuwasha. Chini ya kiti kulikuwa na bati lenye kifuniko, na ndani yake tambara safi lisilotumika kwa kazi nyingine, plagi moja nzima, kipande cha msasa, bisibisi, spana ya plagi na kibiriti kilichofungwa katika mpira, hiki cha mwisho kikiwa ni cha jikoni za watu, wala si cha kutazamia tanki. Yule mzee alikuwa akipita Jumamosi, akifungua bati na kulikagua tambara kwa kulishika shavuni. Likiwa na unyevu alilirudisha bila kusema neno, nasi tulijua la kufanya.

Juma lijalo, saa hii hii, tutasema habari za breki. Kwaherini.